Namba Milioni Arobaini na Saba za Kichwa cha Dada Yangu

Nyumba zetu za Mji wa Kale, wapenzi wasomaji, zina ngazi ambazo wazee wetu walizijenga kwa miguu yao, si kwa miguu yetu. Ya kwa dada yangu ni ya mbao, nyembamba, na yapanda kama ukuta. Jioni moja, akiwa amebeba sinia ya vikombe, aliteleza kwenye kipago cha nne kutoka chini akaangukia uso. Vikombe vilivunjika vyote. Yeye, alhamdulillahi, aliinuka mwenyewe, ila shavu lilifura hata jicho likafumba, na hospitalini ikaamuliwa apigwe picha ya kichwa kwa mashine ya CT.

Alirudi nyumbani na vitu viwili: karatasi ya maelezo na sidi. Karatasi ilisema kwamba hakuna damu iliyovuja ndani ya fuvu, na kwamba mfupa wa shavu la kushoto una ufa mwembamba. Arejee baada ya wiki moja aonane na daktari wa upasuaji wa uso. Karatasi tuliisoma mara moja tukaielewa. Sidi ndiyo iliyozua habari hii.

Mpwa wangu, mtoto wa dada huyu, yuko chuo kikuu akisomea mambo ya tarakilishi. Alipoiona sidi mezani aliichukua kama mtu aliyeokota lulu. Kipakatalishi chake, kama vyote vya siku hizi, hakina pa kuingizia sidi. Ikambidi aende kuazima kisomeo kwa jirani anayenakili picha za harusi. Baada ya Isha tulikuwa tumeketi sebuleni: mimi, dada, yeye, na rafiki yake mmoja wa chuoni aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.

“Mjomba,” akaniambia, “ndani ya hii hamna picha hata moja. Mna namba tu.”

Nilidhani anafanya mzaha. Akafungua faili mojawapo na kunionyesha: safu za tarakimu, mstari chini ya mstari. Hasi elfu moja, hasi elfu moja, hasi mia tisa tisini na nane, kisha ghafla arubaini, hamsini, kisha mia nane, mia tisa, kisha zinashuka tena. Alinieleza kuwa mashine ya CT hukikata kichwa kwa miale, bila kukigusa, vipande vyembamba kama slesi za mkate wa boflo. Kila slesi ni jedwali la namba lenye mistari 512 na nguzo 512, yaani namba 262,144. Sidi ya dada ilikuwa na slesi 180. Ukizipandanisha moja juu ya nyingine, unapata mchemraba wa namba 47,185,920. Hicho ndicho kichwa cha dada yangu kama mashine inavyokijua.

Kila namba yaeleza jinsi sehemu moja ndogo ya mwili, ndogo kuliko punje ya mtama, inavyoizuia miale ya eksirei. Kipimo chenyewe ni rahisi kukikumbuka: maji ni 0, hewa ni hasi 1000. Mafuta ya mwilini huwa karibu na hasi 100, nyama huwa kama 40 au 50, na mfupa hupanda kutoka mia kadhaa hata kupita elfu. Kwa hivyo yule ajuaye kuzisoma anaweza kutambaa kwa kidole juu ya mstari mmoja wa jedwali na kusema: hapa ni nje, hapa ngozi, hapa mfupa, hapa ubongo.

Kipimo hicho chaitwa kwa jina la Godfrey Hounsfield, Mwingereza mtoto wa mkulima, mhandisi asiyekuwa na shahada ya chuo kikuu, aliyefanya kazi katika kampuni ya EMI, iyo hiyo iliyokuwa ikiuza santuri za muziki. Mtambo wake wa kwanza wa majaribio ulichukua siku 9 kupima kitu kimoja, na tarakilishi ikachukua saa mbili na nusu kukokotoa. Alipima ubongo wa ng'ombe kabla ya kupima wa binadamu. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mwanamke mmoja aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kichwani alilazwa ndani ya mashine hiyo. Slesi zake zilikuwa na namba 80 kwa 80 tu, yaani 6,400, lakini uvimbe ulionekana, na mpasuaji aliukuta pale pale.

Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, na habari ya huyu wa pili sisi wa bara hili twapaswa kuijua zaidi. Cormack alizaliwa Johannesburg, na mwaka 1956, akiwa mwalimu wa fizikia Cape Town, aliombwa asaidie kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur. Huko ndiko alikojiuliza swali: ikiwa miale hupita mwilini kutoka pande nyingi, je, hesabu haiwezi kutuambia kilichomo ndani, sehemu kwa sehemu? Alipata jibu na kulichapisha mwaka 1963 na 1964. Hapakuwa na aliyeshughulika nalo. Elimu ikaketi kwenye rafu hadi Hounsfield, ambaye hakuwa na habari naye, alipoifikia kwa njia yake mwenyewe.

Turudi sebuleni.

Kugeuza namba ziwe umbo la kuzungusha kwa mkono, mpwa wangu aliandika programu kwa lugha ya Python. Haikuzidi mistari thelathini. Nilishangaa ufupi wake, naye akanikumbusha kwamba amepanda mabegani mwa watu: maktaba ya pydicom ya kusomea faili za hospitali, NumPy ya kushikia mchemraba wa namba, na PyVista ya kuchorea, ambayo nayo imejengwa juu ya VTK, kazi iliyoanzishwa na wahandisi watatu wa Marekani mwaka 1993. Vyote hivi hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti.

Jaribio la kwanza lilitoa kioja. Kilichotokea kwenye skrini hakikuwa kichwa, bali rundo la vigae, kama nyumba iliyobomolewa. Alicheka peke yake. Kosa lilikuwa kwamba aliiacha tarakilishi izipange slesi kwa majina ya faili, na tarakilishi husoma majina kama tunavyosoma kamusi, herufi kwa herufi: kwake 10 hutangulia 2, na hata 100 hutangulia 2. Kichwa kilikuwa kimepangwa pua juu ya utosi na kidevu katikati ya paji.

Alipolisahihisha hilo kikatokea kichwa, lakini kifupi, kimebonyea kama embe lililokaliwa. Hapa nilijifunza jambo. Namba zilizo ndani ya jedwali hazijui umbali uliopo baina yao. Katika sidi ya dada, kutoka namba moja hadi jirani yake ndani ya slesi ile ile ni nusu milimita, lakini kutoka slesi moja hadi inayofuata ni milimita nzima. Asipoambiwa, mchoraji huhesabu hatua zote kuwa sawa, na urefu wa kichwa hupungua nusu. Vipimo hivyo vimeandikwa ndani ya faili, ila ni lazima programu ivitafute na kuvitumia.

Mara ya tatu fuvu lilikaa sawa. Sitaficha kwamba nilitetemeka. Lilikuwa jeupe juu ya weusi, na lilipoguswa kwa kipanya liligeuka kwa utaratibu, likatuonyesha kisogo, likarudi. Meno ya dada yalikuwepo, na lile la dhahabu aliloliweka zamani liling'ara kwa miali pande zote, kwani madini huivuruga miale. Dada mwenyewe alisema “Subhanallah” kwa sauti ndogo, akajishika taya.

Nilimuuliza mpwa wangu fuvu limetokea wapi ikiwa kuna namba tu. Akaniambia kwamba ameitajia programu kizingiti: 300. Kila penye namba iliyo chini ya hapo pahesabiwe patupu, kila penye zaidi pahesabiwe kitu, na mahali pa kuvuka pachorwe ngozi. Anayeichora ngozi hiyo ni utaratibu wa hesabu uliobuniwa na William Lorensen na Harvey Cline wa kampuni ya General Electric, na kuchapishwa mwaka 1987. Huchukua namba nane zilizo jirani, zikakaa kama pembe za mchemraba mdogo, na kuuliza juu ya kila pembe: iko ndani ama nje? Pembe nane, kila moja na majibu mawili, hutoa hali 256. Na kwa kuwa nyingi ni ile ile iliyogeuzwa tu, zabaki 15 za kuzingatia, pamoja na ile isiyohitaji kuchorwa chochote. Kwa kila hali imekwisha kujulikana pembetatu zipi zichorwe. Ikiwa pembe moja ina 200 na jirani yake 400, ngozi ya 300 hupita katikati yao. Mchemraba mmoja ukimalizika, hesabu hupiga hatua hadi wa pili, na wa tatu, mpaka mwisho. Fuvu tuliloliona lilikuwa pembetatu laki kadhaa zilizoshikana, kila moja imetiwa mwanga au kivuli kulingana na inavyoielekea taa ya kubuni.

Na kule kuzunguka? Huko hakuna namba ya dada inayobadilika. Kila mkono unaposogeza kipanya, tarakilishi huzidisha mahali pa kila pembetatu kwa namba chache za mgeuko na kuchora upya, hata mara 60 kwa sekunde. Kazi hiyo hufanywa na kadi ya michoro, ile ile ambayo vijana huitafuta kwa ajili ya michezo ya mpira. Niliwahi kumkemea mpwa huyu kwa kununua kipakatalishi chenye kadi ya bei. Usiku ule nilinyamaza.

Sasa nifikie pale palipotutia sote katika mashaka.

Mpwa wangu aliisogeza karibu sehemu ya shavu ili tuuone ufa. Tuliuona, mstari mwembamba kama unywele. Lakini dada aliinama mbele, akaangalia, akagusa shavu lake, akaangalia tena.

“Si huku,” akasema. “Mimi naumwa huku.”

Kweli. Ufa wa kwenye skrini ulikuwa shavu la kulia. Uvimbe wa dada, na maumivu yake, na karatasi ya hospitali, vyote vilisema kushoto. Mpwa wangu akajitetea kwamba pengine tunamtazama mtu anayetuelekea, na aliye mbele yako kushoto kwake ni kulia kwako. Akaligeuza fuvu hata likatupa kisogo, kama mtu aketiye mbele yetu msikitini. Ufa ulikuwa bado upande wa kulia.

Sebule ilinyamaza. Kwa dakika chache nilijiuliza mambo mengi mabaya: je, karatasi imekosea? Je, sidi ni ya mtu mwingine? Dada alianza kuuliza kama atapasuliwa upande usio wake.

Kosa halikuwa la hospitali. Lilikuwa katika mistari thelathini. Mpwa wangu alikuwa amezipanga slesi sawasawa kwa mfuatano, lakini ameanza kutoka mwisho: utosi ukawa chini na kidevu juu. Fuvu lilipotokea likiwa limesimama kichwangomba, yeye, bila kufikiri, alilishika kwa kipanya na kulisimamisha wima. Likaonekana zuri, lakini halikuwa sawa. Ukigeuza mfuatano wa mhimili mmoja tu, hukugeuza kitu; umekitia kwenye kioo. Na kitu cha kwenye kioo hakirudi sawa kwa kuzungushwa. Chukua kiatu cha kushoto, ndugu msomaji, ukizungushe upendavyo, ukiinue, ukilaze. Hakitakuwa cha kulia kamwe.

Yalikuwa yameandikwa haya nayo. Ndani ya kila faili mna namba zinazosema slesi ile ilikaa wapi mwilini, upande gani ni wa kushoto wa mgonjwa na upi ni wa juu. Mpwa wangu alikuwa hajazisoma. Aliongeza mistari minne, akaichora upya, na ufa ukahamia kushoto. Alikuwa ametoka jasho. Tarakilishi haikumlalamikia kwa neno lolote, kwani kwake namba zile zilichorwa kikamilifu. Aliyelalamika ni shavu.

Ningependa kusema ndipo tukalala, lakini kulikuwa na mawili zaidi.

La kwanza lilimtia dada hofu kuliko ufa wenyewe. Ndani ya tundu la jicho, kwenye kuta zake za ndani, fuvu lilionyesha vitobo, vikubwa kwa vidogo, kana kwamba limeliwa na mchwa. Akauliza mbona daktari hakuvitaja. Mpwa wangu hakujua. Ikabidi tumpigie simu binamu yetu aliyefanya kazi miaka mingi katika chumba cha eksirei, naye akacheka, akasema vitobo hivyo huonekana kwa watu chungu nzima na si vitobo. Mfupa wa hapo ni mwembamba mno, mwembamba kuliko sehemu moja ya kupimwa. Sehemu ikiwa na robo ya mfupa wa 700 na robo tatu za mafuta ya hasi 100, mashine huandika wastani wake, yaani 100. Kizingiti chetu kilikuwa 300. Programu ikasema hapa hapana kitu, ikaacha wazi.

Akaongeza, kwa sauti ya ukali kidogo, kwamba kinyume chake hutokea pia: ufa mwembamba huweza kumezwa na wastani huo huo, na fuvu likaonekana zima hali limevunjika. Kwa sababu hiyo daktari wa picha husoma slesi zenyewe, moja baada ya moja, kwa rangi za kijivu zisizopendeza, na umbo la pande tatu huja baadaye, kumsaidia mpasuaji kupanga njia na kumweleza mgonjwa. Hata programu kubwa ya bure ya 3D Slicer, inayotumiwa na watafiti duniani kote, hueleza wazi kwamba haikuidhinishwa kwa matibabu. Nayaandika haya kwa mkazo kwa kuwa najua wako wasomaji watakaofanya nyumbani kama tulivyofanya sisi. Fanyeni, muone uumbaji, lakini mtu asiache dawa wala asiingiwe na hofu kwa sababu ya kitobo cha kwenye skrini.

La pili ni zito zaidi, na nimemwomba dada ruhusa kulitaja.

Rafiki wa mpwa wangu, kijana mwenye adabu, aliuliza kwa udadisi: kizingiti kikishushwa, kutaonekana nini? Mpwa wangu, kabla ya kufikiri, alikivuta kutoka 300 hadi hasi 300. Mpaka wa hasi 300 hauko baina ya nyama na mfupa. Uko baina ya ngozi na hewa. Mfupa ukafunikwa, na ukatokea uso wa dada yangu. Macho yamefumbwa, midomo imekaza kama alivyokuwa ndani ya mashine. Nywele hazizuii miale kiasi cha kuhesabiwa, na shela nayo ni hewa tu kwa mashine ile. Kwa hivyo alitokea bila mtandio wala nywele, kichwa kitupu, mbele ya kijana wa watu.

“Zima,” akasema dada.

Yule kijana alikuwa amekwisha kuugeuza uso wake ukutani. Mpwa wangu alikifunga kipakatalishi kwa viganja viwili. Tulikaa muda bila neno, kisha mgeni akaaga.

Nimelifikiria jambo hili siku nyingi. Dada aliivua shela mbele ya mhudumu wa hospitali kwa dharura, na hilo lina nafasi yake. Lakini alidhani imekwisha pale. Hakujua kwamba amekabidhiwa uso wake ndani ya bahasha, na kwamba umelala mezani siku mbili kando ya sukari. Nami sikujua, nani ataogopa jedwali la namba? Wala si uso tu. Kila faili kati ya zile 180 imeandikwa jina lake kamili, tarehe yake ya kuzaliwa na siku aliyopimwa. Hata ukifuta jina, uso wabaki. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichukua picha za MRI za watu 84 waliojitolea, wakatengeneza nyuso kutokana na namba, wakazilinganisha na picha za kawaida kwa programu ya kutambua sura. Programu iliwatambua 70. Siku hizi, watafiti waangalifu hufuta au hupotosha namba za eneo la uso kabla ya kuwagawia wenzao picha za kichwa.

Katika nyumba zetu sidi hizi hutupwa kabatini, huazimwa, hupigwa picha na kurushwa kwenye makundi ya simu ili jamaa walioko Ughaibuni wamwombee dua mgonjwa. Nia ni njema. Lakini mtumaji huwa hatumi picha ya ugonjwa peke yake. Anayetaka kumtumia daktari wa mbali amtumie daktari huyo peke yake, kwa ruhusa ya mgonjwa. Na sidi ikae pale zinapokaa hati za nyumba, kwani daktari wa mwaka ujao huenda akaihitaji kuilinganisha na picha mpya.

Dada alirudi hospitalini siku yake. Daktari alisema ufa haujasogea, hauhitaji kupasuliwa, ale vyakula laini na asijipigie shavu. Aliporudi alimwita mwanawe, akamtaka afute kila alichonakili kutoka kwenye sidi, naye akasimama nyuma ya kiti akihesabu faili zikiondoka. Programu alimwachia. “Hiyo ni kazi ya mkono wako,” alimwambia. “Namba ni zangu.”

Kijana akabaki na programu isiyo na cha kuchora. Wiki iliyofuata nilimkuta na mlima. Uko mjini Auckland, New Zealand, waitwa Maungawhau, volkeno iliyolala, na urefu wake umepimwa kila baada ya mita 10 ukawa jedwali la mistari 87 na nguzo 61. Ross Ihaka, mmoja wa watu wawili walioiunda lugha ya R katika chuo kikuu cha mji huo huo, alizinakili namba hizo kutoka kwenye ramani, nazo husafiri pamoja na R popote iendako. Wanafunzi wengi wa fani hii wamepata kuuchora mlima huo. Ni namba 5,307 tu. Ya chini kabisa ni mita 94, ya juu kabisa 195. Shimo la katikati linaonekana vizuri sana ukiuinamisha kidogo.

Dada alikuja na chai, shavu limekwisha kupungua. Aliuangalia mlima, akaomba kipanya, akauzungusha polepole mara mbili, kisha akauelekeza kidole ukingo mmoja.

“Na huku,” akauliza, “ni mashariki ama ni magharibi?”

Mpwa wangu alifungua mdomo kujibu, akaufunga, akaenda kuyasoma maelezo ya jedwali.